Matabishi ni Neno Gani?
(Mazungumzo ya mwalimu wa Kiswahili kwenye maadhimisho ya Siku ya Wakimbizi)



Nimeombwa kusema machache juu ya neno moja. Sisi tuliotoka Uvira, Fizi hadi Lubumbashi tunalijua bila kufundishwa: matabishi. Ndugu zetu wa Tanzania husema bakshishi, na wakiona haya husema chai.

Neno hili si la Kibantu. Ni la Kireno: mata, yaani huua, bicho, yaani mdudu. Wareno walifika pale mto Kongo unapoingia baharini mwaka 1482, wakafanya biashara pwani ile kwa muda mrefu. Kwao, kuua mdudu ni kunywa kileo kidogo asubuhi kabla ya kula, eti kumnyamazisha mnyoo tumboni. Angola na Msumbiji, matabicho ni chakula cha asubuhi tu, wala hakuna anayeona aibu kulitamka. Kwetu Kongo neno likashika njia nyingine: likawa kile kidogo anachoongezewa mtu juu ya ujira wake. Wasemao Kilingala wanaita matabisi.

Sasa angalieni mwendo wake. Matabishi ya namna ile yalitoka kwa mwenye mali kwenda kwa aliyechoka, na yalitoka kazi ikiisha. Haya ya siku hizi yanatangulia kazi, tena yanatoka kwa asiye nacho. Mama mwenye watoto watano akishapimiwa unga anaacha vikombe viwili kwa mpimaji, ili mwezi ujao aangaliwe vizuri. Ukimwuliza anajibu: "Mwalimu, si rushwa, ni matabishi tu." Hilo "tu" ndilo linaloniudhi. Mnyoo anayeuawa ni wa nani, na tumbo linalobaki tupu ni la nani?

Sisemi tuache kushukuru. Anayempelekea mkunga kuku baada ya mtoto kuzaliwa ameshukuru, na ndiyo desturi yetu. Wageni wetu, samahanini, mara nyingine mnamkemea mama wa kuku na kumpita mpimaji.

Ombi langu kwa Kamati ni dogo. Haki ya kila mtu iandikwe ubaoni pale penye mgao, kwa Kiswahili na kwa kilo, na kopo la kupimia liwekwe mbele ya watu wote. Wanafunzi wa darasa la sita wako tayari kuwasomea wasiojua kusoma.