Ugonjwa wa Mfanyakazi si Habari ya Mkutano

Mazungumzo na viongozi na wanachama wa vikundi vya kujisaidia, Shieywe, Kakamega



Leo tunataka tuzungumze juu ya jambo ambalo vikundi vingi hulifanya kwa nia njema, kumbe linaumiza. Ni pale kiongozi anapotangaza ugonjwa wa mfanyakazi mbele ya watu.

Labda mtu atasema, "Sisi si kampuni, hayo ni mambo ya maofisi ya mjini." La. Kikundi chenu kikiwa na posho mill, na mmeajiri kijana wa kuiendesha na mlinzi wa usiku, ninyi ni waajiri. Mwenyekiti wenu ndiye meneja. Ni vivyo hivyo kwa kikundi kilichoajiri mwalimu wa nasari au vibarua wa kupalilia miwa.

Tuchukue mfano. Kijana wa posho mill hakuja kazini siku tatu. Anarudi na karatasi ya hospitali, anampa mwenyekiti. Jumamosi mwenyekiti anasimama mkutanoni: "Mwenzetu ana ugonjwa fulani, tumwombee na tumchangie." Nia yake ni nzuri kabisa. Lakini kufikia jioni habari iko sokoni, iko kwa watu wa bodaboda, iko kwenye WhatsApp. Mke wa kijana anaulizwa maswali kisimani. Watoto wake wanachekwa shuleni. Wateja wanapeleka mahindi yao kwa mashine nyingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Na hasara haiishii hapo. Wengine wote wamejifunza kwamba ukimwambia mwenyekiti, umeambia kijiji kizima. Kwa hivyo atakayeugua kesho ataficha. Ataogopa kuonekana kliniki, ataacha dawa katikati, atakuja kazini na homa. Hata TB, ugonjwa unaotibika, hupata nafasi ya kuenea mahali ambapo watu wanaogopa kusema.

Sheria yasemaje?

Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 31, inalinda mambo ya mtu binafsi na ya familia yake yasitolewe wazi bila sababu. Kifungu cha 27 kinakataza kumbagua mtu kwa hali ya afya yake.

Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa. Akishafanya kazi miezi miwili mfululizo, anastahili siku zisizopungua 7 kwa malipo kamili, na nyingine 7 kwa nusu malipo, kila mwaka, akileta cheti cha daktari. Cheti hicho kazi yake ni kuonyesha kwamba mtu hawezi kufanya kazi kwa siku hizo. Si cha kusomwa mkutanoni.

Juu ya UKIMWI kuna sheria ya 2006. Inakataza kumlazimisha mtu apimwe ili apate kazi. Inakataza kumfuta kwa sababu hiyo tu. Na inakataza kutoa habari za kipimo chake bila yeye kukubali kwa maandishi. Kisha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa habari nyeti, za kushikwa kwa uangalifu zaidi.

Haya si ya vitabuni tu. Mwaka 2003 mwanamke mmoja, mfanyakazi wa kampuni ya kuandaa chakula Nairobi, alienda Mahakama Kuu. Alilalamika kwamba alipimwa virusi bila kujua, matokeo yakapewa mwajiri, naye akafutwa. Walioshtakiwa waliomba kesi itupwe. Mwaka 2004 Jaji Kalpana Rawal alikataa. Mwaka 2008 kesi ilimalizika kwa mama huyo kupata fidia ya zaidi ya shilingi milioni 2. Katika kumbukumbu za mahakama anaitwa J.A.O. tu. Oneni, hata mahakama ililinda jina lake!

Sasa tufanye nini?

1. Kikundi kichague mtu mmoja au wawili wa kupokea karatasi za hospitali. Wengine wasizione.

2. Karatasi hizo zifungiwe katika bahasha, ndani ya sanduku lenye kufuli. Zisiachwe katikati ya kitabu cha mahudhurio, na zisipigwe picha kwa simu.

3. Katika kumbukumbu za mkutano, karani aandike: "Amepewa ruhusa ya ugonjwa, siku 7." Jina la ugonjwa lisiandikwe.

4. Kabla ya kusema lolote, kiongozi amwulize mgonjwa: "Ungependa wenzako waambiwe nini?" Akitaka kusema yote, ni haki yake. Asipotaka, basi. Na kama ni habari ya kipimo cha UKIMWI, ruhusa yake iwe kwa maandishi.

5. Mkutanoni inatosha kusema: "Mwenzetu hajisikii vizuri, atarudi akipata nafuu. Kazi yake itafanywa na fulani."

Tunajua swali mlilo nalo: "Tunachanga pesa zetu, kwa nini tusijue ni ugonjwa gani?" Swali ni la haki, maana kuna wadanganyifu. Lakini mnachohitaji kujua ni kwamba mtu ni mgonjwa kweli, na gharama ni kiasi gani. Wale wawili mliowachagua waione karatasi, kisha wawaambie: "Tumehakikisha, ni kweli." Kama hamuwaamini kwa hilo, mbona mnawaamini na pesa?

Swali lingine: "Na kama unaambukiza?" Kazi ya kuwafuata waliokaribiana na mgonjwa ni ya watu wa afya, na wao wanajua namna ya kuwaita watu wapimwe bila kutangaza. Mhimizeni mgonjwa aende hospitali. Na kama kazi yenyewe ni ya hatari, kwa mfano mwenye kifafa kuendesha mashine, kiongozi akae naye faraghani wakubaliane kazi nyingine. Hakuna haja ya baraza.

Kiongozi akishavunja siri, mfanyakazi anaweza kumwendea afisa wa kazi, au kulalamika kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lakini heri tusifike huko. Ugonjwa ni mali ya mgonjwa. Kiongozi amewekewa tu amana, kama vile mweka hazina anavyoshika pesa ambazo si zake.

Maswali ya kujadili kikundini

Karatasi za hospitali katika kikundi chetu hukaa wapi, na nani huziona?

Katiba ya kikundi inasema nini juu ya kumchangia mgonjwa? Je, inamlazimisha ataje ugonjwa wake?

Mwanachama akituma habari za ugonjwa wa mwingine kwenye WhatsApp ya kikundi, tutachukua hatua gani?