Safari ya Baiskeli ya Watu Wengi
(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Rahaleo, Mtwara)

Mmetutaka tuseme juu ya safari ya baiskeli ya kwenda Lindi, kwa sababu sisi tumekwisha kwenda huko mara kadhaa tukiwa kundi kubwa. Tutasema. Lakini wazee wetu mtuwie radhi: leo hatukuja kusifu safari. Tutasema zaidi juu ya kuanguka.

Safari ndefu za watu wengi si jambo geni kwetu. Mwezi wa Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha lililotangazwa mwezi Februari mwaka ule ule. Siku hizi wapo wenzetu wanaotoka Dar es Salaam kwa baiskeli mpaka Butiama kumkumbuka Mwalimu, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Msafara wao unaitwa Twende Butiama. Njia yao ni zaidi ya kilomita 1,000, na wanalala njiani siku nyingi. Sisi tunakwenda Lindi tu.

Wengine walisema twende Newala. Newala iko juu, kwenye uwanda wa Wamakonde, na kupanda kule kwa Phoenix isiyo na gia si mchezo. Lindi ni afadhali. Haya, tupige hesabu. Kutoka hapa mpaka Lindi tuseme ni kilomita 105. Baiskeli zetu katika kundi zinakwenda kama kilomita 15 kwa saa moja. Gawanya 105 kwa 15. Ni saa 7. Ongeza saa 2 za kupumzika, kula na kuziba pancha. Ni saa 9. Basi tukiondoka saa 11 alfajiri tutafika Lindi saa 8 mchana, jua likiwa kali. Ukichelewa kitandani kwa saa moja, umewachelewesha wote.

Sasa, kwa nini watu huenda kwa kundi? Kuna furaha, ndiyo. Lakini kuna sababu nyingine, nayo ni upepo. Mtu aliye mbele anaukata upepo kwa kifua chake. Aliye nyuma yake anajificha, na miguu yake inachoka kidogo tu. Mwezi Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli yalifanyika Kigali, Rwanda. Ilikuwa mara ya kwanza kufanyika Afrika. Hata mabingwa wale, wenye baiskeli za bei ya nyumba, walijificha mgongoni kwa wenzao. Wakati wa kusi sisi tutakwenda Lindi tukisukumwa na upepo. Kurudi ndiyo kazi. Upepo utakuwa usoni siku nzima, na hapo kila mtu atatafuta mgongo wa mwenzake.

Hapa ndipo penye hatari, ndugu zetu. Mgongo unaokukinga na upepo ndio unaokuzuia kuona njia. Huoni shimo. Huoni mbuzi. Unaona shati la mwenzako tu.

Tulikuwa njia ya Mikindani, kundi la watu wengi, tumebanana. Watoto walikuwa wamesimama kando wakishangilia. Kijana mmoja aligeuka kuwapungia mkono. Baiskeli yake ikayumba kidogo tu. Nyuma yake alikuwapo mwenzake ambaye gurudumu lake la mbele lilikuwa limeingia ubavuni mwa gurudumu la nyuma la yule kijana. Magurudumu yakagusana. Yule kijana wa mbele hakuanguka! Aliendelea na safari, hata hakujua. Aliyeanguka ni wa nyuma, na baada yake wengine watano wakamwangukia. Mmoja akavunjika mtulinga. Yeye ni mvuvi, na miezi miwili hakuweza kuvuta wavu. Nyumbani kwake walikula nini miezi hiyo? Majirani walijua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni hili. Gurudumu lako la mbele lisiingie kamwe ubavuni mwa gurudumu la nyuma la mwenzako. Kaa nyuma yake sawasawa, na acha nafasi ya urefu wa baiskeli moja. Mkiteremka, acha nafasi ya baiskeli mbili au tatu, maana breki za vyuma hazishiki upesi. Upepo utakupata zaidi kidogo. Vumilia.

Jambo jingine watu wengi hawalijui. Wa mbele akipunguza mwendo kidogo, wa pili anapunguza zaidi, wa kumi anashika breki kwa nguvu, na wa ishirini anasimama kabisa. Kisha wa mbele anakwenda zake, na wa ishirini anakimbiza baiskeli mpaka anatoka povu. Ikiwa hivyo kila kilima, wa nyuma watakuwa wamechoka kabla ya Mpapura, na wa mbele watauliza, "Hawa wavivu wametoka wapi?" Si wavivu. Wamefanya kazi mara mbili. Kiongozi akimaliza kilima aende polepole mpaka wa mwisho naye amemaliza. Na mwenye baiskeli nzito asiwekwe mwisho. Awekwe wa pili, nyuma ya kiongozi, ili mwendo uwe wake.

Watu sitini wakienda mstari mmoja wamefanya treni, na lori haliwezi kuipita treni. Barabara ya Lindi ina malori ya saruji, malori ya korosho wakati wa msimu, na mabasi yenye haraka zake. Dereva akishindwa kupita atajaribu kwa nguvu, kisha akiona gari mbele yake atarudi kushoto, na kushoto tupo sisi. Basi tugawanyike watu kumi kumi. Kati ya kundi na kundi tuache nafasi kubwa, lori liweze kuingia na kutoka. Kila mtu nyuma ya mwenzake, kushoto. Tusiende wawili wawili kwa kuzungumza. Mazungumzo tutayamaliza Mingoyo.

Maneno yanayoruhusiwa njiani ni machache: "Shimo!" "Gari nyuma!" "Tunasimama!" Ukiyasikia, yaseme tena kwa sauti ili wa nyuma yako asikie. Neno likifia kwako, wa nyuma yako hana macho.

Akina mama wameuliza kama nao wanakwenda. Kwa nini wasiende? Wanaosema watatuchelewesha wawaangalie wale wanaotoka shamba na mzigo wa muhogo kwenye karia. Ila kanga isining'inie. Ikiingia kwenye spoku, gurudumu linasimama papo hapo na mtu anarushwa mbele. Vaeni suruali ndani, na kanga ifungwe juu ya magoti. Na akina baba wenye kanzu wasicheke, wao pia.

Mtu akipata pancha, asisimame katikati ya lami. Ainue mkono, atoke kushoto mpaka kwenye majani. Mtu wa mwisho wa kundi, ambaye ana pampu, viraka na gundi, atabaki naye. Wengine watasubiri kijiji kinachofuata, kivulini, si barabarani.

Kazi moja tunaiacha mikononi mwenu ninyi mliomaliza kisomo. Kila kundi la watu kumi liwe na karani mwenye daftari. Aandike jina la kila mtu, na jina la ndugu yake aliyebaki nyumbani, pamoja na namba ya simu. Majina yasomwe hapa Rahaleo, yasomwe Mpapura, yasomwe Mingoyo, yasomwe Lindi. Mtu asipoitika, kundi haliondoki.

Jumapili saa 2 asubuhi tutakuwa hapa hapa, chini ya mwembe, tukikagua breki na tairi. Fundi atakuwapo. Atakayekuja na breki mbovu hatutamwandika mpaka aitengeneze. Na makarani, njooni na kalamu mbili, maana moja hukauka.