Nyaya za Gari Kuukuu
Mazungumzo kwa wenye magari wa Makwasinyi



Nasema nanyi juu ya nyaya za umeme katika magari makuukuu, hasa Land Rover zilizoundwa kabla ya mwaka 1967.

Kila mtu hapa aijua njia itokayo chini ya Mlima Kasigau kwenda Voi. Ni nchi ya ndovu. Mtu akichukua mgonjwa usiku, kisha taa zikazimika ghafula, hatari huwa mbili: ndovu aliye mbele, na moto ulio chini ya boneti. Mara nyingi chanzo ni waya mmoja uliochubuka.

Nyaya za zamani zilifunikwa kwa mpira na kusukiwa uzi wa pamba. Joto la injini huukausha mpira, nao hupasuka. Shaba ikigusa chuma, umeme wa betri hupita hapo kwa nguvu hata waya ukawaka. Basi kuviringisha utepe juu ya waya uliooza si dawa. Yafaa kutia nyaya mpya, na kazi ifuate taratibu hii.

Kwanza, fungueni waya wa betri uendao kwenye mwili wa gari. Katika Land Rover hizo, upande wenye alama ya kujumlisha ndio uliofungwa hapo. Katika magari ya baadaye ni kinyume chake. Huenda fundi wa kwanza amekwisha kugeuza, kwa hiyo tazameni, msikisie.

Pili, msikate nyaya zote kwa mara moja. Badilisheni mmoja mmoja, mkifuata rangi: kahawia hutoka kwenye betri, nyeupe huenda kwenye koili, buluu taa kubwa, nyekundu taa za nyuma, nyeusi mwili wa gari. Rangi ikiwa imefifia, fungeni kijikaratasi chenye jina.

Tatu, waya uwe na unene wa kutosha. Taa mbili za wati 60 kila moja, kwa betri ya volti 12, hula ampea 10.

Nne, kwangueni kutu na rangi pale waya mweusi unapofungwa, mpaka chuma king'ae. Taa hafifu aghalabu huponea hapo.

Tano, kila tundu la bati lipitishalo waya litiwe mpira, na taa kubwa ziwekewe fyuzi, kwani nyingi hazikuwa nazo tangu kiwandani.

Nami nilipata kupanda gari ambalo msumari ulitiwa mahali pa fyuzi. Moshi ulipotujaza, dereva aling'oa waya wa betri kwa mikono mitupu, akaungua vidole. Fyuzi ingalikatika yenyewe, nasi tungalifika salama.

Ndugu zangu, achukuaye watu huchukua na dhamana ya roho zao. Kagueni nyaya mchana, kabla usiku haujawakagua ninyi.