Nani Alipokea Kile Kikopo?

Msikilizaji, dereva wa lori anayepakia Kurasini akiambiwa mkojo wake una heroini, ajira yake iko hatarini. Kabla sijauliza maabara imesema nini, nataka kujua nani alipokea kile kikopo cha mkojo.

Mwaka 2017 majibu ya mkojo kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali yalifika mpaka mahakamani Kisutu. Maabara tunayo. Lakini mkemia hupima alicholetewa. Chupa zikibadilishwa njiani, atatoa jibu sahihi la mtu mwingine.

Marekani, mchukuaji sampuli za madereva wa malori haanzi kazi mpaka asome, kisha achukue sampuli 5 za majaribio mfululizo bila kosa, na kila baada ya miaka 5 anarudia mafunzo. Anatia rangi ya buluu kwenye maji ya choo yasichotwe na kuchanganywa na mkojo. Ndani ya dakika 4 anasoma joto la mkojo: liwe nyuzi 32 hadi 38 za Selsiasi. Anaugawa katika chupa mbili na kubandika lakiri, dereva mwenyewe akishuhudia. Ile chupa ya pili ndiyo kinga ya mfanyakazi akipinga majibu.

Na usiri, jamani! Wapo wanaokunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, asubuhi hospitali ya Mwananyamala au Temeke, kisha wanawahi vibaruani. Mchukuaji asiyefunzwa ataropoka hayo, korido nzima isikie.

Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ikae na Mkemia Mkuu, waandike mtaala, watoe cheti. Mwajiri asiye na mchukuaji mwenye cheti hicho asimpime mtu.