Mpaka wa Kromosomu Unapofutika: Vitanzi vya DNA na Maumbile ya Vidole



Mchoro wa kromosomu ambao sisi walimu wa biolojia huuchora ubaoni, ule wa herufi X, unaonyesha kipindi kifupi tu, seli inapogawanyika. Muda mwingine wote kromosomu huwa imelegea ndani ya kiini. Humo, katika nafasi yenye kipenyo cha takriban mikromita 10, mna DNA ambayo ikinyooshwa hufika mita 2 hivi. Mada yangu inahusu mpangilio wa DNA hiyo, kwa sababu mpangilio huo ukivurugika, jeni iliyo nzima kabisa inaweza kuleta kilema.

Mwaka 2009 Job Dekker, Erez Lieberman-Aiden na wenzao nchini Marekani walitangaza njia iitwayo Hi-C. Seli hutiwa fomalini ili sehemu za DNA zilizokaribiana zishikane. Kisha DNA hukatwa kwa vimeng'enya, ncha zilizo jirani huunganishwa, na vipande husomwa kwa mamilioni. Kufikia 2012 ramani hizo zilikwishaonyesha kwamba kromosomu imegawanyika katika maeneo, mengi yakiwa na urefu wa laki kadhaa hadi milioni moja na zaidi za jozi za besi. Sehemu zilizo katika eneo moja hukutana mara kwa mara. Zilizotengwa na mpaka hukutana kwa nadra.

Kinachojenga maeneo hayo ni kohesini, protini yenye umbo la pete. Huikamata DNA na kuivuta, kitanzi kikawa kinarefuka, mpaka ikutane na protini nyingine, CTCF, iliyoshika mfuatano wake maalumu. Hapo husimama, na hapo ndipo penye mpaka wa eneo. Mfuatano huo una mwelekeo: katika ramani ya 2014 iliyobainisha vitanzi takriban 10,000, zaidi ya asilimia 90 ya vile vilivyoshikwa na CTCF vilikuwa na mifuatano miwili inayotazamana. Ukiugeuza mfuatano mmoja, kitanzi kinaweza kupotea. Kwangu hili ni miongoni mwa mambo ya kustaajabisha kuliko yote katika biolojia. Na si nadharia tupu: mwaka 2019 watafiti waliona kwa darubini kohesini ya binadamu ikivuta DNA, takriban jozi 1,000 kwa sekunde, kwa nguvu ya ATP.

Sasa tutazame vidole. Mwaka 2015 kundi la Stefan Mundlos mjini Berlin lilichunguza familia zenye vidole vifupi kupita kawaida. Wagonjwa walipungukiwa na kipande kikubwa cha DNA karibu na jeni ya EPHA4, na mpaka wa eneo ukiwemo. Jeni ya PAX3, iliyo ng'ambo ya mpaka huo, haikuwa na kasoro yoyote. Lakini vipande vya DNA ambavyo kwa kawaida huiamsha EPHA4 katika kiungo kinachochipua viliweza sasa kuifikia PAX3, nayo ikafanya kazi mahali isipopaswa. Watafiti walipotengeneza panya wenye upungufu kama huo, vidole vikawa vifupi. Walipokata kipande huku wakiuacha mpaka, PAX3 ilitulia.

Tusitie chumvi, hata hivyo. Mwaka 2017 watafiti waliiondoa kohesini katika seli za binadamu. Vitanzi vilitoweka, lakini katika saa chache za jaribio jeni nyingi hazikubadilika sana. Kwa hiyo uzito wa mpaka hutofautiana kati ya jeni na jeni, na huenda huonekana zaidi mimba inapokua, wakati viungo vinachukua umbo.

Ombi langu ni moja. Tunapofundisha mabadiliko ya DNA kidato cha tano na sita, tusiishie kwenye herufi iliyobadilika ndani ya jeni. Tuongeze mfano huu wa EPHA4 na PAX3, na tumwulize mwanafunzi: jeni ikiwa nzima, kilichoharibika ni nini?