Nishani ya Kigeni Husema Nini?



Aghalabu tuonapo picha ya jemadari aliyejaa nishani kifuani, hudhani kwamba tumekwisha kusoma historia ya ushujaa wake. Hiyo ni nusu tu ya habari. Nishani atunukiwayo na nchi yake huzungumzia vita. Ile atunukiwayo na nchi ya kigeni huzungumzia pia siasa baina ya mataifa.

Natuitazame Nishani ya Ushindi, iliyoanzishwa na Umoja wa Kisovieti mwezi Novemba, 1943. Ilitengenezwa kwa platini, almasi na vito vyekundu, nayo ilikusudiwa makamanda wa juu kabisa walioongoza mapigano yaliyogeuza hali ya vita. Wageni watano tu waliipata, wote mwaka 1945: Eisenhower wa Marekani, Montgomery wa Uingereza, Tito wa Yugoslavia, Rola-Żymierski wa Poland, na Mfalme Michael wa Romania. Julai mwaka huo huo, mjini Berlin, Montgomery naye alimvisha Marshal Zhukov nishani ya Uingereza. Washirika walikuwa wakishukuriana.

Lakini Mfalme Michael hakuwa jemadari wa medani. Alikuwa kijana wa miaka 22 alipoamuru mtawala Antonescu akamatwe, tarehe 23 Agosti, 1944, na kuitoa Romania upande wa Ujerumani. Kitendo hicho kililifungulia njia Jeshi Jekundu, nacho ndicho kilichotuzwa. Tarehe 30 Desemba, 1947, wakomunisti wa nchi yake, wakiungwa mkono na Moscow, walimlazimisha kukiacha kiti cha enzi. Nishani haikumkinga.

Wenzake je? Mwaka 1948 Tito alikosana na Stalin. Ilipofika mwaka 1951, Eisenhower na naibu wake Montgomery walikuwa wakiyaongoza majeshi ya NATO barani Ulaya, yaliyowekwa kuukabili Umoja wa Kisovieti wenyewe.

Je, tuzidharau nishani hizo? La hasha! Ushindi ule ulikuwa wa kweli, na ulinunuliwa kwa damu ya mamilioni ya askari ambao vifua vyao havikuvishwa almasi. Ila mwalimu afundishapo historia hana budi kuuliza: nani alimtunuku nani, mwaka gani, na kwa manufaa ya nani? Mtumishi wa umma naye ajue kwamba heshima itokayo nje hushukuru jambo lililokwisha kutendeka. Haiahidi urafiki wa kesho.