Mashine za Kukaza Ngozi: Leseni Ipi Uiulizie

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya tabibu wa magonjwa ya ngozi wa Idara ya Afya ya kaunti mbele ya wakazi wa Mtwapa.

Niliombwa nizungumze juu ya ngozi, na najua wengi mlitarajia nianze na upele na mapunye. Hayo tutayafikia siku nyingine. Leo nataka tuzungumze kuhusu zile mashine mnazotangaziwa kwenye simu na kwenye mabango ya saluni, za kukaza ngozi bila kisu na kuondoa vishimo vya mapajani.

Mwaka jana alinijia kliniki mama mmoja, mfanyabiashara. Aliketi upande mmoja tu wa kiti. Alipofungua leso, paja lake la kulia lilikuwa na kidonda cha moto, mviringo kama mdomo wa kikombe. Alikuwa amelipia vikao sita kwa mkupuo, na hiki kilikuwa cha pili. Alimwambia mhudumu kwamba mashine inamchoma, akajibiwa avumilie, hiyo ndiyo dalili kwamba inafanya kazi. Nikamuuliza alijuaje kama wale watu wameruhusiwa kufanya kazi ile. Akanijibu, "Leseni ya kaunti ilikuwa ukutani, nimeisoma kwa macho yangu."

Jibu hilo halijanitoka, kwa sababu leseni ile ni yetu sisi. Nitairudia. Kwanza tuielewe mashine yenyewe.

Mashine hizi hutumia mawimbi ya redio. Si mionzi kama ya eksirei, na haileti saratani ya ngozi kama jua kali linavyoweza. Ni umeme unaogeuza mwelekeo wake mamilioni ya mara kwa sekunde. Unapopita ndani ya ngozi, ngozi huupinga, na ule upinzani hugeuka joto. Madaktari wa upasuaji wanalijua joto hili kwa karibu miaka mia moja: mwaka 1926, kule Boston, Marekani, daktari Harvey Cushing alitumia kifaa kilichotengenezwa na William Bovie kuziba mishipa ya damu akiwa katika upasuaji wa kichwa. Kwa hiyo unapolala kwenye kile kitanda, kumbuka kwamba ndugu wa mashine hiyo hukata nyama katika chumba cha upasuaji. Tofauti ni kiasi cha joto na mkono wa anayeishika.

Joto likiwa la kadiri, hufanya mambo mawili. Chini ya ngozi ya juu kuna nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, ndizo zinazoipa ngozi uimara. Zikipashwa moto hujikunja kidogo. Kisha mwili, ukidhani umejeruhiwa, huanza kutengeneza kolajeni mpya taratibu. Kazi hiyo huchukua miezi. Ndiyo maana anayekuahidi mabadiliko makubwa kwa siku saba hakuambii ukweli. Unachokiona siku ya kwanza mara nyingi ni uvimbe mdogo wa joto, nao hutoweka.

Je, inafanya kazi? Ndiyo, kwa kiasi. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu mashine ya aina hii kwa mikunjo ya kando ya macho, na baadaye matumizi yakapanuliwa. Mtu ambaye ngozi ya shavu au ya kidevu imeanza kulegea kidogo anaweza kuona nafuu. Lakini mama aliyezaa mara kadhaa na tumbo likabaki na mkunjo unaoning'inia, au aliyepungua kilo nyingi, ngozi hiyo iliyozidi haiwezi kukazwa na joto ikarudi. Misuli ya tumbo iliyoachana baada ya uzazi nayo haiguswi kabisa na mashine hii. Na kilo hazipungui. Ukiambiwa utapungua uzani, huyo anauza jambo jingine.

Sasa selulaiti, yaani vile vishimo na mabonde ya mapajani na makalioni. Hapa naomba akina mama mnisikilize vizuri, na akina baba msicheke. Wanawake 80 hadi 90 katika kila 100 wanavyo baada ya kubaleghe, wembamba na wanene. Chini ya ngozi kuna nyuzi zinazoifunga ngozi na nyama ya chini, na katikati yake kuna mafuta. Kwa wanawake nyuzi hizo nyingi husimama wima kama nguzo, kwa hiyo mafuta husukuma juu na nyuzi huvuta chini. Ndipo kishimo kinapotokea. Kwa wanaume nyuzi hupishana kama wavu. Watafiti wawili wa Ujerumani, Nürnberger na Müller, waliliandikia jambo hili mwaka 1978, na katika kichwa cha makala yao waliuita ugonjwa uliobuniwa. Mimi nakubaliana nao. Sijawahi kumwandikia mtu dawa ya selulaiti na sitarajii kufanya hivyo.

Hata hivyo simlaumu mtu anayetaka kuipunguza. Mwili ni wako na pesa ni zako. Ila ujue unanunua nini. Mashine za mawimbi ya redio, nyingine zikiwa na taa ya joto na kinyonyeo cha kukanda, ziliruhusiwa Marekani kwa maneno haya: kupunguza kwa muda mwonekano wa selulaiti. Kwa muda. Neno hilo silioni kwenye mabango. Mashine haikati zile nyuzi zinazovuta chini, kwa hiyo vishimo hurudi na wewe hurudi kulipa. Ukitajiwa bei ya kikao kimoja, uliza ni vikao vingapi, kisha uliza baada ya hapo utatakiwa kurudi mara ngapi kwa mwaka. Piga hesabu hiyo kabla ya kutuma M-Pesa.

Kuna swali ambalo huulizwa sana: ngozi nyeusi inaweza? Hapa kuna habari njema. Leza nyingi hutafuta rangi ya ngozi, kwa hiyo kwetu sisi zinahitaji uangalifu mkubwa. Mawimbi ya redio hayatafuti rangi. Lakini ngozi yetu ikiungua haisahau upesi. Doa jeusi hubaki kwa miezi, wakati mwingine zaidi, na wale ambao hata kutoboa sikio huwaletea kovu la kuvimba wawe waangalifu maradufu. Na nyinyi mnaotumia krimu za kujichubua, baadhi yake huwa na dawa za steroidi zinazoifanya ngozi iwe nyembamba. Ngozi hiyo usiipeleke kwenye joto lolote.

Wengine hawafai kabisa kuguswa na mashine hizi bila daktari kuwapima: aliyewekewa kifaa cha kuratibu mapigo ya moyo, kwa sababu umeme huo unaweza kukivuruga, mjamzito, mwenye chuma mwilini karibu na pale panapotibiwa, mwenye kidonda au maambukizi ya ngozi, mwenye saratani. Namwongeza pia mgonjwa wa kisukari ambaye miguu au ngozi imeanza kufa ganzi. Sababu yake ni muhimu, tuikalie kidogo.

Mashine zilipoanza, baadhi ya wahudumu walipandisha nguvu juu sana kwa mpito mmoja. Watu waliungua, na wengine mafuta ya chini ya ngozi yaliyeyuka wakabaki na mabonde usoni. Utaratibu ukabadilishwa: nguvu ndogo, mipito mingi, na mgonjwa aulizwe kila mara joto likoje. Kauli ya mgonjwa ndiyo kipimo. Mashine nzuri pia ina kifaa cha kusoma joto la ngozi, na katika nyingi ngozi ya juu hushikiliwa kwenye nyuzi 40 hadi 42 hivi. Kwa hiyo mhudumu anayekwambia uvumilie amekizima kipimo chake mwenyewe. Na anayekupaka dawa nzito ya ganzi ili usisikie chochote, muulize ataujuaje moto ukizidi. Ukisema inachoma, mkono uondoke hapo hapo.

Sasa nirudi kwenye leseni. Leseni ya biashara ya kaunti inasema kwamba mtu huyu amelipa ada na anaweza kufanya biashara katika jengo hili. Ni karatasi ya biashara. Mwenye duka la simu anayo, mwenye kinyozi anayo. Haisemi kwamba aliyeshika mashine amesomea ngozi, wala kwamba kaunti imeikagua mashine hiyo. Nasema hivi mbele ya maafisa wenzangu wa biashara waliopo hapa, na hatukosani. Tunapoigonga muhuri karatasi hiyo, mwananchi huisoma kuliko ilivyoandikwa, na ni wajibu wetu kumweleza.

Kituo cha matibabu kinahitaji leseni nyingine, ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno Kenya, na hutolewa kila mwaka. Daktari naye awe na leseni yake ya mwaka huu, yenye jina lake. Tabibu kama mimi husajiliwa na Baraza la Matabibu. Omba uzione na usione haya. Mimi yangu iko mezani kila siku na hakuna aliyenikosea kwa kuisoma. Tazama mwaka. Kisha majina ya waliosajiliwa unaweza kuyatafuta kwenye tovuti za mabaraza hayo kwa simu yako. Ukiambiwa "daktari anakuja Jumamosi", rudi Jumamosi.

Ukiungua, weka pahali hapo chini ya maji baridi ya mfereji kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala siagi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na utunze risiti na picha za kidonda. Malalamiko juu ya daktari au kituo hupelekwa kwa Baraza. Kama ni saluni isiyo na daktari yeyote, mwone afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yako. Wengi hunyamaza kwa aibu, wakiogopa kuulizwa walikwenda kufanya nini kule. Mimi sitakuuliza hivyo.

Yule mama kidonda chake kilipona baada ya wiki kadhaa. Doa limebaki. Mara ya mwisho alipokuja aliniuliza kama kuna mashine ya kuliondoa, na tukacheka wote wawili, kisha nikamwambia tulipe muda kwanza. Pesa za vikao vinne vilivyobaki bado hajarudishiwa. Amepeleka malalamiko yake, na tunafuatilia.

Nimeambiwa zimebaki dakika kumi. Dada uliyeinua mkono pale karibu na mlango, tuanze na wewe.